Wiki hii wanalala kwa nani? Namna ya kupanga zamu za watoto baada ya talaka, hasa kama mwenzio kazi yake iko ziwani

Nianze na kosa langu ili usilirudie. Tulipoachana na baba watoto tulikubaliana kwa mdomo tu, tena tumesimama nje kwenye jua kila mtu anaangalia simu yake, kwamba wikiendi watoto watakuwa wanaenda kwake. Wikiendi, basi. Hamna aliyesema wikiendi ipi, kuanzia saa ngapi, nani anawapeleka, nani anawarudisha, nauli ya nani. Jumamosi ya kwanza mwanangu mkubwa, alikuwa na miaka 8 wakati huo, aliamka kabla yangu akavaa jezi yake ya timu ya Pamba, begi mgongoni, akakaa kibarazani. Saa 3 asubuhi yupo. Saa 6 yupo. Chai alikataa kuingia ndani kunywa nikampelekea kikombe palepale nje, andazi akampa mdogo wake. Saa 9 mchana akavua begi mwenyewe bila kusema kitu akaenda kucheza. Mimi nikashika simu nikaandika matusi ambayo sitayarudia hapa.

Sasa, baba yao ni mvuvi wa dagaa. Na mimi nimekuwa mke wa mvuvi miaka 10, nimeanika dagaa mchangani mpaka kiuno kikawa si changu, kwa hiyo nilikuwa najua kabisa kwamba dagaa hawavuliwi kwa wikiendi, wanavuliwa kwa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa za mitumbwi hazivuti kitu, watu wanapandisha mitumbwi pwani wanarudi nyumbani kwa wake zao (au kwa wasio wake zao, hiyo mada nyingine). Jumamosi ile ilikuwa giza totoro, yeye yuko majini huko upande wa Ukerewe na simu haishiki. Nilijua, na nilikasirika vilevile, manake hasira ya talaka haitaki kuelewa.

Ndo nikajifunza kwamba ratiba ya watoto usiikope kwa jirani wala kwenye filamu za watu wa ofisini ambao Jumamosi na Jumapili wako free. Ratiba inaanzia kwenye kazi zenu zilivyo kweli na shule ya mtoto ilivyo kweli, afu ndo mnatafuta siku.

Kwa hiyo chukua kauntabuku, chora mistari, andika mwezi wako mzima ulivyo. Siyo unavyotaka uwe, ulivyo. Mimi nauza mitumba soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza, siku belo likifunguliwa natoka nyumbani alfajiri, na Jumamosi ndo siku yangu ya hela, kwa hiyo ukweli ni kwamba Jumamosi hata mimi watoto siwaangalii vizuri, wanashinda kwa jirani. Hilo lilinichukua muda kulikubali manake nilikuwa nagombania siku ambayo hata mwenyewe siitumii. Mwambie na mwenzio aandike wa kwake. Dereva wa basi la Mwanza–Dar ana siku zake za kupumzika gari likirudi, nesi ana ratiba ya zamu ya usiku inabandikwa ukutani kila mwezi, mwalimu ana likizo kama za watoto huyo ndo rahisi kuliko wote, mlinzi analinda usiku analala mchana usimpelekee mtoto wa miaka 3 asubuhi ukategemea ataangaliwa. Mfanyabiashara wa sangara naye anategemea mzigo umeingia lini.

Kwa mvuvi wa dagaa kalenda ni mwezi wa angani. Na mwezi wa angani unazunguka kwa siku 29 na nusu hivi, haufuatani na kalenda ya ukutani, ndo maana ukisema "wikiendi ya mwisho wa mwezi" baada ya miezi miwili mitatu umeshapotea. Sisi tulitatua hivi, na ni jirani yangu mama mmoja wa Kiislamu ndo alinionyesha: alinipa kalenda ya msikitini, ile yenye tarehe mbili mbili kila kisanduku. Tarehe 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu ndo mwezi umejaa. Basi unaweka alama hapo, unahesabu siku 3 nyuma na siku 5 mbele, hizo ndo siku baba yuko nchi kavu. Mimi Mkatoliki kabisa lakini jikoni kwangu imening'inia kalenda ya msikiti na mwanangu sa hivi anajua kuisoma kuliko mimi, anahesabu mwenyewe kwa kidole.

Mkishaona siku zenu zinapokutana na pasipokutana, hapo ndo mnakaa kupanga. Msikae wawili chumbani. Tulijaribu, dakika 10 tukawa tumesharudi kwenye kesi ya mwaka juzi ya simu ya nani ilipigwa usiku. Kaeni na mtu mzima ambaye wote mnamheshimu na ambaye hana faida na ugomvi wenu. Kwetu alikuwa katekista, kwa wengine ni shekhe, au mjumbe, au Afisa Ustawi wa Jamii, ofisi zao zipo halmashauri na kazi yao mojawapo ndo hii hii. Shangazi wa upande mmoja usimlete, nakuomba.

Halafu andikeni. Neno kwa neno nakuwekea ukurasa wetu ulivyo, nimetoa majina tu:

"Siku za mbalamwezi: kama ni siku za shule baba anawachukua getini saa 9 na nusu alasiri, wanakula kwake Kirumba, anawarudisha Igoma kabla ya saa 1 usiku homuweki ikiwa imefanyika. Ijumaa inayoangukia humo wanalala kwake mpaka Jumapili saa 11 jioni.

Siku za giza: wako kwa mama. Baba anapiga simu saa 10 na nusu jioni kabla mitumbwi haijatoka. Kama mtandao hamna anatuma ujumbe siku inayofuata, hatuulizani sana.

Likizo ya Juni: wiki 2 kwa bibi, huko Nansio (Ukerewe). Likizo ya Desemba: Krismasi mwaka huu kwa baba, mwaka kesho kwa mama, mwaka mpya kinyume chake.

Nauli: anayechukua ndo anayelipa. Akichelewa zaidi ya saa nzima bila taarifa, siku hiyo imeshapita, haidaiwi.

Wanaoruhusiwa kuwachukua shule: baba, mama, bibi, baba mdogo. Mwingine hapana mpaka wote wawili tuwe tumemwambia mwalimu.

Mtoto akiumwa: anayemuona kwanza anampeleka hospitali kwanza, anapiga simu pili."

Ukurasa mmoja. Tumesaini, katekista amesaini, kila mtu ana kopi na mimi nimeipiga picha iko kwenye simu. Unaona ni vitu vidogo vidogo tu, saa, nauli, geti. Ugomvi wetu wote wa mwaka wa kwanza ulikuwa kwenye hivyo vidogo, hakuna hata siku moja tuligombana kuhusu mambo makubwa kama anasoma shule gani.

Kile kipengele cha wanaoruhusiwa kuwachukua kina historia. Kuna siku shule moja, sitaitaja, ilimpa mtoto wangu mdogo mtu aliyejitambulisha ni shemeji, na kweli alikuwa shemeji, alitumwa na baba yake, lakini mimi sikuambiwa. Nilizunguka Igoma yote mpaka giza linaingia nalia barabarani kama kichaa, mtoto yuko Kitangiri anakula miwa. Peleka majina kwa maandishi kwa mwalimu mkuu NA kwa mwalimu wa darasa, na kama shule ina gari, na kwa yule dada wa kwenye gari, huyo ndo muhimu kuliko wote manake yeye ndo anafungua mlango.

Tukija kwenye sheria, naandika ninachokijua na ambacho kimenisaidia. Kwanza watu wengi mtaani wanasema mtoto akifika miaka 7 ni wa baba, anakuja anamchukua. Hapana bana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inasema mtoto wa chini ya miaka 7 kuna dhana kwamba ni vizuri akae na mama yake, na hata hiyo ni dhana tu, baba anaweza kuleta hoja ya kuipinga. Haisemi kwamba siku ya bethdei ya 7 mtoto anahama. Mahakama inaangalia kwanza ustawi wa mtoto, chini ya hapo ndo matakwa ya baba na mama, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kujieleza, na mila za jamii yenu. Na inatakiwa izingatie ubaya wa kumhamisha hamisha mtoto aliyeshazoea. Kwa hiyo sisi Wasukuma tukisema "ng'ombe walitoka, watoto ni wa ukoo", sawa, mila ipo kwenye orodha, ila haiko ya kwanza. Nimemwona baba mmoja anakuja na wazee watatu na hesabu ya ng'ombe kichwani, hakimu akamuuliza jina la mwalimu wa darasa wa mtoto. Hakulijua.

Ya pili ni Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 26, hiyo naipenda. Inasema wazazi wakitengana au wakiachana mtoto ana haki ya matunzo na elimu ya kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla, na ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine kila atakapotaka ilimradi haivurugi masomo yake. Soma tena hapo. Haki ni ya mtoto. Siyo zawadi unayompa mwanaume akiwa na adabu na kumnyima akikuudhi. Na mtoto kwa sheria yetu ni mpaka miaka 18.

Utaratibu wenyewe kama hamjafika huko: shauri la talaka kwa kawaida linapita kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lipo la kata na zipo taasisi za dini zenye mabaraza yao, wakishindwa kuwasuluhisha wanatoa hati mnaenda nayo mahakamani, na Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mashauri ya ndoa, siyo lazima mpande juu huko. Mkienda na ukurasa wenu wa ratiba mmeshakubaliana mwombeni hakimu auingize kwenye amri, manake karatasi ya daftari ni nzuri mkiwa mnaelewana ila siku mmoja akigeuka amri ya mahakama ndo ina meno. Na amri siyo msumari, hali ikibadilika, mmoja kahama, mtoto kakua, unaweza kuomba ibadilishwe.

Hela ya matunzo na siku za watoto usizichanganye. Najua inauma. Mtu hajatoa ada afu anakuja Ijumaa anapiga honi ya boda anataka watoto, damu inachemka. Mimi nimewahi kuwafungia ndani kwa sababu ya elfu 50 ya viatu na daftari. Nilichopata ni nini, hela haikuja, na watoto walilia upande wa ndani wa mlango baba yao akiwa upande wa nje. Matunzo yadai kama matunzo, nenda Ustawi, nenda mahakamani, ila siku ya watoto iache iende. Na hela ipite kwenye simu siku zote, usipokee mkononi hata kama ni elfu 5, muamala unabaki na tarehe yake na hamna mtu wa kubishana na meseji ya mtandao wa simu.

Kosa langu la pili lilikuwa baya zaidi na sijui kama nimelimaliza. Nilikuwa namtuma mtoto. "Mwambie baba yako ada inaisha mwezi huu." "Mwambie viatu vimetoboka." Na yeye huko anamtuma, "muulize mama yako yule mjomba anayekuja ni nani." Mtoto wa miaka 8 akawa mpatanishi bila posho. Siku moja nikamkuta na viatu vipya, nikamuuliza nani kanunua, akasema bibi. Nikampigia bibi, mama mkwe wangu wa zamani ambaye bado namwita mama, akasema hajanunua kitu. Kumbe alinunua baba, na mtoto aliogopa nikijua baba ana hela ya viatu nitaanza tena kelele za ada. Huko nako alikuwa anamdanganya baba yake kwamba mimi nasema asante. Mtoto anatunga uongo pande mbili ili sisi tukae kimya. Tangu siku hiyo kila kitu naandika mwenyewe WhatsApp, sentensi fupi, ya watoto tu, bila voisi noti manake voisi noti zangu mimi zinaanza vizuri zinaisha vibaya. Kabla ya kutuma najiuliza hakimu akiisoma hii nitaona aibu? Nikiona aibu nafuta.

Umri nao. Hapa naenda kinyume na watu wanavyopanga watoto wote pakiti moja. Mwanangu mdogo alikuwa na miaka 4 tulipoachana, siku 3 bila mama zilikuwa nyingi kwake, usiku wa pili anaanza homa ya uongo. Tukaanza na kushinda mchana, afu usiku mmoja, afu miwili, ikachukua kama miezi 6. Aende na kitu chake, wake ulikuwa mto mdogo wa kitenge. Anayenyonya usimlaze mbali, baba aje amwone nyumbani au kwa bibi, mara nyingi na kwa muda mfupi ni bora kuliko mara moja kwa mwezi siku nzima, hakutambui huyo. Wa darasa la nne mpaka la saba anataka kujua mapema, mpe kalenda. Wa sekondari muulizeni, ana marafiki, ana tuisheni, ana kwaya, ukimlazimisha anakuja anakaa na simu mpaka siku ziishe. Na kama wa kiume mkubwa anataka kuhamia kwa baba kabisa usichukulie ni usaliti, lia jikoni kwako ukimaliza mpakie nguo.

Visiwani kuna mambo yake. Likizo ya kwanza baba alitaka wakae naye kambini. Nilikataa na sijutii. Kambi ya wavuvi siyo sehemu ya mtoto, vibanda vya mabati vimebanana, pombe, watu wanaingia wanatoka kila mbalamwezi, vyoo shida. Tulichokubaliana ni kwa bibi Nansio, baba anatoka kambini anawafuata huko. Kwa hiyo kwenye maandishi usiandike "kwa baba" tu, andika nyumba ipi, wanalala chumba gani, na nani yupo usiku baba akiwa majini. Kama ana mke mwingine usimwogope, mpigie umsalimie, yeye ndo atakayemuogesha mwanao. Mimi na mama mdogo wao siyo marafiki, ila namba yake ninayo, na yeye ndo aliniambia mdogo anakojoa kitandani akiwa huko, baba mtu hata hakujua.

Safari iwe kwa meli, ya asubuhi kama ipo, na siyo mtumbwi wa kupanda juu ya magunia. Sisi wa huku hatujasahau MV Bukoba ilivyozama Mei 1996 wala MV Nyerere kule Ukara Septemba 2018. Niliandika kabisa: hakuna kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi hata kama Jumatatu shule inafungua, mwalimu nitaongea naye mimi. Jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto nilinunua mwenyewe, la mtu mzima linamvuka mtoto kichwani. Miezi ya katikati ya mwaka upepo unakuwa mkali, acha siku 1 ya ziada kabla shule haijafungua. Wa Sengerema na Geita nyie mmepumzika, daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 tu umevuka, hamna tena "nilichelewa kivuko" kwa hiyo kisingizio hicho kifuteni kwenye ratiba zenu.

Begi. Nguo, sare kama Jumatatu anatokea huko huko, daftari, kadi ya kliniki kwa mdogo, kadi ya bima kama anayo, dawa kama ana dawa. Hapa kwa dawa niseme manake huku Kanda ya Ziwa selimundu (sikoseli) ni nyingi, dada yangu ana mtoto wa selimundu na kila akienda kwa baba anaandikiwa karatasi inabandikwa mlangoni kule: vidonge vyake na saa zake, maji anywe mara kwa mara, asichezee maji ya baridi, maumivu yakianza hospitali hapohapo, na namba ya kliniki anakotibiwa. Baba hakuwa mbaya, alikuwa tu hajawahi kuwa yeye anayempa dawa. Kwa wote wanaoenda visiwani, neti, na kuwaambia wasiogelee ziwani ni kupoteza pumzi wataogelea tu, basi wakirudi wakilalamika tumbo au mkojo una damu fikiria kichocho, nenda zahanati wapimwe. Na jambo la begi moja zaidi, wakirudi usilipekue mbele yao kama askari wa bandarini.

Wakirudi pia usiwahoji. "Mmekula nini, nani alikuwepo, baba kasema nini." Mimi nawapa uji nanyamaza, baada ya saa 2 wanaanza kusema wenyewe, ndo nikajua baba alimpeleka mkubwa uwanja wa Kirumba kuangalia Pamba na wakala mishkaki, na kwamba alilala kwenye bega lake kwenye daladala. Nilisikia wivu kidogo. Ndo ubinadamu.

Mtoto akikataa kwenda? Tofautisha. Kuna kukataa kwa sababu kuna katuni au bethdei ya rafiki, huyo anaenda, au mnasogeza siku. Kuna kukataa kwa kuogopa, anatetemeka, ananyamaza, anaanza kukojoa, ana alama mwilini. Huyo hafuati ratiba yoyote. Kama kuna kipigo, au ulevi wa kumwacha mtoto peke yake, au mtu wa kumshika shika, funga daftari, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au Afisa Ustawi, au piga 116, ni bure na ni ya watoto. Hapo huhitaji kuonekana mama mstaarabu. Na vilevile mama ndo akiwa mpigaji, baba una haki hiyohiyo ya kwenda, usione aibu ya kuchekwa.

Kubadilisha siku: sheria yetu ni ujumbe siku 2 kabla, na anayeomba ndo anayependekeza siku ya kufidia. Tukikosana hatujibizani usiku. Kila mwaka Januari shule zikifungua tunakaa na katekista nusu saa, tunafungua kalenda mbili, ya shule na ya msikiti, tunaweka alama za mwaka mzima, baba anaondoka na kopi yake imekunjwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe.

Mwaka huu kuna mbalamwezi moja imeangukia kwenye wiki ya mitihani ya mkubwa. Baba kaomba wakae kwake wiki nzima, nimesema hapana, atakuja yeye Igoma jioni kumsaidia hesabu manake hesabu anazijua kuliko mimi, mimi nitakuwa bado Mlango Mmoja, funguo ataachiwa jirani, chakula kitakuwa kwenye hotipoti, na saa 2 usiku awe ameshaondoka. Tumeandika.